Sina Hisa, Nina Mke

Mke wangu alikuwa ameshakaa Texas zaidi ya mwaka kabla sijajua kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kuhesabu mitambo ya kuchimba mafuta, na kwamba kila Ijumaa hesabu hiyo hutangazwa dunia nzima. Nililijua hilo dukani, Hayes, magharibi mwa London, siku ambayo treni zilikuwa zimekwama na mvua imenitoa barabarani.

Duka lenyewe liko karibu na stesheni. Linauza viungo, kadi za simu, ndizi za kupika, na kwenye rafu ya chini kuna chevda ya pilipili, vile vitafunio vya kukaanga, imefungwa kwenye karatasi ya plastiki kama tulivyozoea kuinunua Kenya. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mwembamba, anayevaa sweta juu ya sweta hata Juni. Nyuma yake, mahali ambapo wenye maduka wengine huweka picha za kamera za ulinzi, yeye alikuwa ameweka runinga ndogo isiyo na sauti, na ndani yake habari za biashara: mistari ikipanda na kushuka siku nzima. Nilikuwa nimeshika pakiti yangu ya chevda nilipoona neno Permian likipita chini ya kioo. Nikalitamka kwa sauti bila kukusudia.

Mzee akaniuliza kwa Kiingereza kama na mimi ni mtu wa mafuta. Kisha akanitazama vizuri, akabadilisha lugha.

"Wewe wa Kenya?"

Nikamwambia mimi ni wa Kitale. Akasema yeye ni wa Kisumu, ingawa Kisumu yake ni ya zamani sana, aliondoka ndevu hazijamwota. Akataka kujua ninashika hisa za kampuni gani huko Bonde la Permian, Texas.

"Sina hisa, Mzee," nikamwambia. "Nina mke."

Akaacha alichokuwa akifanya. Akanivutia kiti cha plastiki kilichokuwa nyuma ya magunia ya mchele, akaenda kuweka maji ya chai. Treni zilianza kutembea tena, nikazisikia zikipita, nami nikaendelea kukaa.

Nilimweleza kwa kifupi, kwa sababu mambo yenyewe yalianza mbali. Mke wangu nilimkuta Lokichar, Turkana, miaka ile mafuta yalipopatikana pale na kila mtu akaamini maisha yamegeuka. Mimi nilikuwa karani wa stoo kambini, natoa glavu, kofia ngumu na betri za tochi. Yeye alikuwa mwanajiolojia ametoka chuo kikuu juzi. Kazi yake ilikuwa kuosha vipande vya mawe vilivyopandishwa na tope kutoka chini ya kisima, kuvitia chini ya hadubini, na kusema ni mwamba gani umefikiwa. Alikuwa akija stoo kuchukua vifuko vya kuwekea mawe hayo, na mara nyingi alikuja wakati bado ana vifuko tele. Mimi nilijua, naye alijua kwamba najua, na hakuna aliyesema.

Siku moja nilimuuliza anaona nini kwenye vijiwe vile vidogo hata havimchoshi. Akaniwekea kimoja kiganjani akaniambia ninuse. Nikanusa harufu ya jiko la mama yangu, lile la mafuta ya taa. Akacheka, akasema mtu aliyenusa kabla yangu alisema gereji. Jioni ile alikaa stoo mpaka tukaitwa kula.

Bei ya mafuta duniani ilipoanguka, visima vikafunikwa na kambi ikafungwa. Tulipanda lori moja kurudi Kitale, na kabla ya mwaka kwisha tukaoana. Alipata nafasi ya kusoma London, nikamfuata baadaye. Binti yetu akazaliwa Woolwich. Mke wangu akaajiriwa katikati ya mji, jengo la vioo, akawa anatazama visima vya watu kwenye kompyuta. Alikuwa akirudi nyumbani Thamesmead na kulalamika kwamba hajashika jiwe wiki nzima. Wakati mwingine tulipotembea kando ya mto alikuwa akiokota kokoto, anaigeuzageuza, anaitupa. Alisema mawe ya hapa yameloa mno, hayana habari.

Ndipo kampuni yake ikamwomba aende Texas. Huko mafuta hayako kwenye dimbwi la kuchotwa. Yamenaswa ndani ya mwamba wa shale, mgumu kama kigae. Inabidi wachimbe kwenda chini, kisha wapinde kisima kiende ubavuni mbali sana, halafu wapasue mwamba kwa maji na mchanga. Kulihitajika mtu anayejua kuusoma mwamba huo huku ukichimbwa. Tulikubaliana ni miezi sita. Miezi sita ikaongezwa, na ilipokwisha ikaongezwa tena. Mimi na mtoto hatukuweza kumfuata. Yeye alikuwa ameshapata uraia wa Uingereza, lakini mimi nilikuwa nasubiri makazi ya kudumu, na anayesubiri haruhusiwi kukaa nje ya nchi muda mrefu. Akawa anakuja Krismasi na siku chache za kiangazi. Kila alipokuja, ndiyo kwanza tunaanza kuzoeana tena, anaondoka.

Mzee alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, akainua kidole kuelekea runinga, akanieleza jinsi mambo yanavyokwenda. Bei ya pipa ikipanda, kampuni za Permian hukodi mitambo zaidi. Bei ikishuka na kukaa chini, huiegesha. Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni kwa saa za London, hesabu ya mitambo inayofanya kazi hutangazwa, na siku hiyo hisa zake hucheka au hununa.

"Na mitambo ikiegeshwa, watu inakuwaje?" nikauliza.

"Watu wanarudi makwao," akasema.

Alilisema kama jambo dogo. Mimi nililibeba mpaka Abbey Wood, njia nzima ya treni, kisha nikalibeba ndani ya basi mpaka mlangoni kwangu.

Tangu siku hiyo, zamu yangu ya Ijumaa ikawa inaishia dukani. Ninafanya kazi kwenye ghala linalopakia vyakula vya ndege za Heathrow. Tunapanga trei kwenye toroli za bati, tunazifunga na kubandika namba ya safari. Toroli za ndege ya Texas zilikuwa zikipita mikononi mwangu kama zingine, na mara nyingi nilizipanga polepole zaidi. Hakuna aliyejua. Nilikuwa nikifikiri kwamba kufika kesho yake asubuhi, kuku huyu wa kwenye trei atakuwa ameshafika karibu na kwake kuliko nilivyowahi kufika mimi.

Dukani, Mzee alinifundisha kidogo kidogo. Nikajua tofauti ya mafuta ya Texas na yale ya Bahari ya Kaskazini. Nikajua kwamba mitambo haishuki siku ile ile bei inaposhuka, huchukua miezi, kwa kuwa mikataba imeshasainiwa. Nikawa mtu wa kufungua simu kabla sijasali, nitazame bei ya pipa. Ikiwa imeshuka, naamka vizuri. Ilinichukua muda kumwambia Mzee kwamba hicho ndicho ninachokiomba, maana hisa zake zote alikuwa ameziweka kwenye kampuni za huko huko. Nilipomwambia, alikuwa anapima uwatu kwa mama mmoja wa Kipunjabi. Akamaliza kupima, akafunga mfuko, akamuaga yule mama.

"Kumbe mimi na wewe ni maadui," akasema, na kunimiminia chai.

Hakukasirika. Kuanzia hapo alianza kuzigawa Ijumaa. Hesabu ikipanda, alisema wiki hii ni yangu, yaani yake. Ikishuka, alinisogezea pakiti ya chevda na kusema wiki hii ni yako. Binti yangu, siku za likizo ambapo nilimleta kazini karibu na mwisho wa zamu akae na mama mmoja wa ofisini, alikuja nami dukani. Alimwita Babu kwa Kiswahili na kuongea naye Kiingereza. Alikuwa akimuuliza kwa nini mama yake anachimba mahali ambapo hapana mtu anayeonekana, na Mzee alimjibu kwamba watu wako, ila wako mbalimbali.

Ilikuwa masika, wakati maua ya manjano yametoka kando ya reli, Mzee aliponiambia habari za mke wake. Nilikuwa nimemuuliza kwa nini asiziuze hisa hizo zinazomtia presha, mtu wa umri wake. Akaniambia si zake. Kisheria ni zake, lakini aliyezichagua ni marehemu mkewe. Baba wa mkewe alikuwa na pampu ya petroli Kisumu, kona ya barabara ya kwenda ziwani, na hapo ndipo Mzee alipomwona mara ya kwanza, ameketi juu ya pipa tupu, anasoma gazeti la kibiashara la baba yake. Maisha yake yote aliamini kwamba mafuta hayawezi kumwangusha mtu. Walipofungua duka Hayes, yeye ndiye aliyeleta runinga. Ijumaa alifunga hesabu za duka mapema ili akae kwenye kiti kile cha plastiki asubiri tangazo.

"Nikiziuza," Mzee akasema, "Ijumaa nitafanya nini?"

Nilikuwa nimekikalia kiti hicho. Nilitaka kusimama, akaniashiria nikae.

Kisha bei ikaanza kuanguka kweli. Wakubwa wa nchi zenye mafuta waliamua kutoa mafuta mengi zaidi, na huku watu wakiogopa vita vya ushuru, bei ikateremka wiki baada ya wiki. Watu wa Thamesmead walifurahia petroli. Mimi nilifurahia kitu kingine. Hesabu ya mitambo ya Permian ilishuka kidogo, ikatulia, ikashuka tena. Mzee alizidi kunyamaza na chai ikazidi kuwa tamu, kwa kuwa alisahau ameshaweka sukari, akaongeza. Nilimwonea huruma, lakini moyo wangu ulikuwa ukiimba.

Nikaanza kuitengeneza nyumba. Tunakaa ghorofa ya nne, madirisha yanatazama lile ziwa la kuchimbwa ambalo bata bukini wamelifanya lao. Nilipaka chumba chetu rangi ya udongo mwepesi, ile aliyowahi kuniambia anaitaka. Niliondoa baiskeli mbovu kwenye baraza nikaweka viti viwili. Binti yangu aliniuliza kuna nini, nikamwambia labda mama yuko njiani kurudi. Akaniuliza amesema yeye mwenyewe? Nikamwambia mitambo inapungua. Alinitazama kama mtoto anavyomtazama mtu mzima anayejieleza mno, akarudi kwenye kazi yake ya shule.

Kwa mke wangu sikusema kitu. Tulizungumza kila siku asubuhi yake, ambayo ni alasiri yangu, naye alinieleza habari za vumbi, malori ya maji, na mwanamke wa Kimeksiko mwenye gari la chakula anayemwekea pilipili pembeni. Nilikuwa nataka lije lenyewe. Nilitaka siku moja aseme, wametuambia turudi, nami nijifanye kushangaa.

Jumamosi moja tulikwenda sokoni Woolwich, mimi na binti yangu. Pale kwenye meza ya samaki tukakutana na mama wa mtoto anayesoma naye, Mnaijeria mchangamfu, akamuuliza mama hajambo, bado anafanya kazi Amerika? Binti yangu akajibu kwa Kiingereza, kwa adabu zote, kwamba mama hajambo, anaishi Amerika.

Yule mama aliendelea kuchagua samaki wake. Mimi nilibaki na neno lile. Binti yangu hakusema anafanya kazi. Alisema anaishi, kama unavyosema shangazi yako anaishi Nakuru. Nilimtazama usoni nione kama ana huzuni, sikuona. Ndilo lililoniogopesha. Nikakumbuka kwamba zamani alikuwa akiisimamisha simu mezani ikiegemea chupa ya maji ili mama ale nasi, na sikuweza kukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Wiki iliyofuata Mzee alinipigia simu kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema nipite hata kama si Ijumaa. Nilipofika nilimkuta amesimama, runinga ameipandisha sauti. Kampuni ya mke wangu, ambayo Mzee naye alikuwa na hisa zake kidogo, ilikuwa inanunuliwa na kampuni kubwa zaidi. Hisa zilikuwa zimeruka juu huku mitambo ikiendelea kupungua. Hakuwa amewahi kuona hivyo viwili vikienda mbalimbali kiasi hicho, na furaha yake ilikuwa nusu.

"Piga simu uliza," akaniambia. "Haya mimi siwezi kukusomea."

Nilitoka nje nikasimama chini ya paa la stesheni. Kwake ilikuwa bado asubuhi. Nilimuuliza kama amesikia, akasema wamesikia tangu jana, kila mtu anazungumza hilo. Nikamwambia basi na mitambo ilivyopungua, na kampuni imeuzwa, bila shaka watawapunguza, na yeye atarudi.

Akaniuliza nimejuaje habari za mitambo. Nikamweleza yote: duka, runinga, Ijumaa, Mzee, rangi ya chumba. Nilimsikia akivuta kiti akakaa.

"Mimi siko kwenye mtambo," akasema. "Nimeshakuambia."

Na kweli alikuwa ameniambia, sema mimi sikuwa nimelishika. Alikuwa ametolewa uwandani zamani, amewekwa kwenye chumba mjini Midland, kule kule Texas, mbele ya skrini, akiiongoza ncha ya kuchimbia isitoke kwenye tabaka lenye mafuta. Alikuwa akiongoza visima vitatu kwa wakati mmoja, wakati mwingine vinne. Siku hizi mtambo mmoja unachimba kilichokuwa kinachimbwa na mitambo kadhaa. Wakipunguza mitambo, hawapunguzi visima kwa kiasi hicho, na watu wanaobaki kwenye skrini wanaongezewa.

"Ile hesabu unayoitazama," akasema, "hata ikifika sifuri mimi ndiye nitakayezima taa."

Treni mbili zilipita pale. Nilikuwa nimeishi zaidi ya mwaka kwa tarakimu ambayo haikuwa na habari zake hata kidogo. Nikamuuliza jambo ambalo nilipaswa kumuuliza siku nyingi, na ambalo nilikuwa nimeiachia runinga ya Mzee iniulizie.

"Unataka kurudi?"

"Nataka kuwa nanyi," akasema. "London sijui. Nikifikiria lile jengo la vioo, kifua kinabana. Nimeogopa kukuambia kwa sababu utadhani nawakimbia."

Nikamwambia mtoto amesema wewe unaishi Amerika. Hapo alilia. Sikujua nimfanyeje, nami nikiwa upande huu wa maji, watu wakipita na mizigo yao ya uwanja wa ndege. Nilibaki nimeshikilia simu sikioni. Alipotulia akasema mje. Si kuhamia. Mje mwone, ndipo tuzungumze.

Viza ya matembezi ilichukua muda, lakini tulikwenda likizo ya katikati ya muhula wa vuli. Alitupokea uwanja wa ndege wa Midland amevaa shati la kazi, amekonda, ngozi yake imerudia rangi ile ya Lokichar. Binti yangu alimwendea taratibu, akamwegemea tu, na mama mtu akafunga macho. Usiku huo walilala kitanda kimoja na mimi nikalala sebuleni. Sikulalamika.

Niliiona nchi ile kesho yake. Ni tambarare mpaka macho yachoke. Miti ni vichaka vya miiba, udongo ni mwekundu uliochanganyika na chokaa, na pampu zinainama na kuinuka pole pole bila mtu karibu. Huku na huku mabomba yanawaka moto wa gesi mchana kweupe. Mke wangu aliendesha gari la kazi kwa mkono mmoja, akionyesha kwa mwingine. Alitusimamisha barabarani mbali kidogo na mtambo mmoja, kwa kuwa wageni hawaruhusiwi kuingia. Alisema kisima kile ni chake, na muda huo huo kinapita chini ya miguu yetu, chini sana, kuelekea yale malisho ya ng'ombe. Alisema pale palikuwa bahari. Viumbe vidogo visivyo na idadi vilikufa vikazama, tope likavifunika, vikageuka mafuta wanayoyachimba leo. Binti yangu aliuliza maswali mengi, kwa Kiingereza, na mama yake akamjibu yote kwa Kiswahili. Wote wawili walisahau kwamba mimi nipo.

Nilimtazama. Sikuwa nimemwona hivyo tangu kambini. London nilikuwa nimeishi na mtu aliyekuwa akijitahidi, nami nikazoea, nikadhani ndivyo alivyo. Kumbe yule niliyekuwa nikimtamani miaka yote hii, yule wa vifuko na hadubini, hakuwa amepotea alipopanda ndege ya Texas. Alikuwa ameanza kupotea kabla, pale pale nyumbani, na huku ndiko alikojiokota. Lilinichoma na kunifariji kwa pamoja.

Jioni ilinyesha mvua fupi, nzito. Watu walitoka kwenye vyumba vya jirani wakasimama nje kuitazama, wengine na watoto mabegani.

"Hapa ndipo mahali pa kwanza tangu Lokichar," mke wangu akaniambia, "ambapo mvua ikinyesha watu wanatoka nje."

Tulizungumza siku zilizobaki, kwa kituo, bila kugombana. Kampuni mpya ilikuwa imemwambia anabaki, na wangemfanyia karatasi za familia. Tulikubaliana kwamba mtoto amalize shule ya msingi Thamesmead, na mimi makazi yangu yatoke, nisiondoke London kama mtu aliyefukuzwa. Baada ya hapo tungemfuata. Binti yangu alipoulizwa, alisema atakosa bata bukini na rafiki zake wawili, akawataja. Kisha akauliza kama huko shule wanavaa sare. Alipoambiwa hapana, akafikiri, akasema sawa.

Nilirudi Hayes nikamweleza Mzee. Alifurahi, akacheka kwamba sasa itabidi nianze kuomba bei ipande. Nilijaribu. Haikuwa kazi rahisi. Nilikuwa nimeizoea ile hamu ya kushuka, na Ijumaa kadhaa nilijikuta nikisononeka mitambo ilipoongezeka, kabla sijakumbuka. Mwisho niliacha kuitazama. Nilikuwa nikienda kunywa chai tu, na Mzee alinisimulia Kisumu ya wakati wake, ambayo mimi mtu wa magharibi mwa Kenya sikuitambua hata barabara moja. Alikuwa amesema hatawahi kurudi huko, kwamba hakuna anayemjua. Miezi michache baadaye akaniambia mwanawe amemkatia tiketi. Aliuza hisa chache, si zote, akafunga duka kwa majira mazima ya baridi. Alinitumia picha moja tu: kona ya barabara, duka la simu limejengwa hapo, na yeye amesimama mbele yake ameshikilia kofia, bila sweta.

Makazi yangu yametoka. Binti yangu amemaliza shule, wakaimba, mama yake akaja kumtazama na kukaa nasi kiangazi kizima. Tulipika, tukakaa kwenye vile viti viwili vya baraza, mtoto kati yetu kwenye godoro dogo. Ilipofika siku ya kumsindikiza, tulikwenda Heathrow sote watatu. Hakuna aliyelia, isipokuwa mimi, nikiwa peke yangu kwenye ngazi za kushukia treni.

Wiki iliyopita niliitwa ubalozi wa Marekani, ule wa kando ya mto, kwa viza ya kuhamia. Kijana aliyenihoji dirishani aliniuliza mke wangu anafanya kazi gani hasa. Nikaanza kumweleza. Nikamweleza tabaka, na jinsi kisima kinavyopindwa, na ncha isipoongozwa inavyoweza kupotea ndani ya mwamba usio na kitu. Nadhani nilikuwa bado nazungumza alipoinua mkono taratibu, akitabasamu, akasema inatosha, ameelewa. Akachukua pasipoti yangu na ya binti yangu, akasema zitarudishwa kwa posta zikiwa na viza.

Nilitoka nje. Mto Thames ulikuwa umekupwa, matope yake yanang'aa kwa jua. Nilimpigia simu mke wangu, haikupokelewa. Ilikuwa saa ya zamu yake, na akiwa anaongoza kisima huiweka simu mbali, kana kwamba naye yuko chini huko. Nilituma ujumbe wa neno moja, Tunakuja, kisha nikatafuta benchi nikaketi. Boti za watalii zilipita. Nilijua labda itakuwa saa nzima, labda zaidi, kabla hajausoma, na sikuwa na haraka ya kwenda popote. Nilikaa na simu kiganjani, nikimsubiri apande juu.